Kumwaga Oili Mapema

Masomo: Mambo ya Walawi 6:8–13, Matendo ya Mitume 6:1–7

Siku hizi ukitamka neno mafuta hapa Tanga, akili za watu zinakimbilia Chongoleani. Tangu jiwe la msingi liwekwe pale Agosti 2017 tumezoea habari za bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi hapo, na jinsi mafuta yale yalivyo mazito hata yapashwe moto njia nzima ndipo yatiririke. Ni habari kubwa na sina ugomvi nayo. Ila juma hili nataka tuzungumzie mafuta machache zaidi, yale yanayokaa chini ya injini ya lori, ambayo mwenye gari huyakumbuka pale tu taa nyekundu inapowaka kwenye dashibodi.

Wachungaji wa mkoa huu tunaitwa sana kubariki magari. Mtu akinunua tipa la kubeba mawe ya chokaa, au Fuso la kushusha machungwa ya Muheza, haridhiki kumkabidhi dereva funguo mpaka jina la Mungu litajwe. Majirani zetu Waislamu nao husoma dua na kufukiza ubani. Ni desturi njema, naipenda. Tukishamaliza sala, na soda zimefunguliwa, huwa nina swali moja kwa tajiri wa gari: oili ya kwanza itamwagwa lini? Wengi hucheka. "Baba Mchungaji, gari jipya hili!" Yaani upya wenyewe ndio jibu. Wahenga walituona mapema: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kwanza tuelewane gari jipya ni lipi. Kwa wengi wetu gari jipya ni lile lililoshuka bandarini majuzi baada ya kufanya kazi miaka mingi Japani. Fungua mlango wa dereva, mara nyingi utakuta kijikaratasi kimebandikwa, kimeandikwa kwa Kijapani, kinachoeleza oili ilibadilishwa mara ya mwisho lini, na nyumba nzima hakuna wa kukisoma. Gari la namna hiyo halina mjadala: hujui lilikotoka na oili gani, mwaga, weka filta mpya, anza hesabu yako. Mimi nazungumzia lori la sifuri, lenye nailoni bado kwenye viti. Hilo ndilo linalowadanganya watu.

Fundi mmoja mtu mzima, Mdigo wa Mkinga, alinifundisha jambo hili bila kujua kwamba ananihubiria. Aliliwasha lori kwanza likachemka kiasi, kwa sababu oili ikiwa baridi huuacha uchafu wake chini na wewe unamwaga maji ya juu tu. Akazima, akaingia uvunguni, akafungua nati, oili ikashuka kwenye beseni. Haikuwa nyeusi ya kutisha. Akachovya kidole, akasugua kwa dole gumba, akaniita nje kwenye jua. "Tazama, Mchungaji." Vilikuwa vimemeta vidogo mno, vya kuonekana ukigeuza mkono tu. Nati yenyewe ilikuwa na sumaku nchani, na pale nchani chenga za chuma zilikuwa zimeshikana. "Chuma hiki hakikutoka barabarani, mzee wangu," akasema. "Kimetoka humu humu ndani. Na gari halina kosa lolote."

Nimelifikiria sana neno hilo la mwisho. Kuta za silinda hutoka kiwandani zikiwa na mistari midogo inayokatana, imewekwa makusudi. Ringi za pistoni hukwaruzana nayo mpaka chuma kizoeane na chuma, na katika kuzoeana huko kila upande hupoteza kitu. Ongeza mabaki ya gundi ya gasketi na vumbi la kiwandani lililosahauliwa. Filta hukamata chenga kubwa, lakini zilizo ndogo kabisa hupita, zikazunguka na oili hadi kwenye beringi za krenki. Msuguano huu ni mkali zaidi mwanzoni, kisha hupungua. Kwa hiyo injini iliyo mpya ndiyo inayotoa chuma kingi kwenye oili yake kuliko ile iliyotembea miaka mitano. Watu hudhani kinyume.

Sasa, lini? Mafundi wa zamani walikuwa na sheria yao: kilometa 1,000 za kwanza, mwaga. Watengenezaji wa leo huchonga vyuma kwa usahihi zaidi, na baadhi yao huruhusu oili ya kiwandani ikae muda mrefu, pengine hadi sevisi ya kawaida. Wengine bado wanataka sevisi ya kwanza iwe ya mapema. Jibu limo kwenye kitabu cha gari lenyewe, wala si kijiweni. Ila kitabu hicho kina majedwali mawili, na hapo ndipo penye mtego. La kwanza ni la matumizi ya kawaida. La pili ni la mazingira magumu: vumbi, joto, mzigo mzito, milima, safari fupi fupi, kusimama muda mrefu injini ikinguruma. Nionyeshe lori la Tanga lisilokuwamo kwenye jedwali la pili. Liko kwenye vumbi la mawe Pongwe au Amboni, au linapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa gia nzito, au linatimua vumbi jekundu la Kilindi. Likifika mpakani Horohoro linasimama kwenye foleni bila kuzimwa. Kilometa hazisogei lakini saa zinasogea, na oili inachoka kwa saa kama inavyochoka kwa kilometa.

Tajiri hulisoma jedwali la kwanza kwa sababu ni la bei nafuu. Lori kubwa hunywa oili lita 30 na ushee kwa mkupuo mmoja, na filta juu yake, na bado utaogopa kuuziwa oili feki kwenye galoni yenye jina zuri. Sishangai anaahirisha. Nasi pia tuna majedwali mawili ya kupimia roho zetu, na tunachagua lile lile la kwanza: tunajihesabu kana kwamba tunaishi mahali penye amani, kipato cha uhakika, watoto wasio na simu na wazee wasiougua. Mtu anayelea mama mgonjwa, analipa mkopo wa kikoba na anaamka saa 10 usiku kuwahi sokoni hawezi kuishi kwa sala ya Jumapili hadi Jumapili. Yuko kwenye jedwali la pili. Anahitaji kusimama na kusafishwa mara nyingi zaidi kuliko mwenzake, na hilo halimaanishi kwamba imani yake ni dhaifu.

Lakini nirudi kwenye upya. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa jipya kabisa, moto wa Pentekoste haujapoa, watu wanaongezeka, wanauza mali na kula pamoja. Katika hali hiyo nzuri Luka anaandika bila kuficha kwamba yakatokea manung'uniko. Wayahudi wa Kiyunani waliona wajane wao wanasahaulika katika huduma ya kila siku, huku wajane wa Waebrania wakihudumiwa. Lugha mbili, makundi mawili, sahani za chakula. Tungekuwa sisi tungesema: kanisa bado changa, tusianze kuzua maneno, tuombe tu. Mitume hawakusema hivyo. Waliita mkutano wa wote, jambo likawekwa hadharani, wakachaguliwa watu saba. Tena tazama majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa meza. Mstari wa saba unasema neno la Mungu likaenea, na hata makuhani wengi wakaitii imani.

Hawakutafuta nani mbaya. Watu wa asili mbili walianza kuishi karibu, chuma kikasuguana na chuma, chenga zikaonekana, zikatolewa mapema.

Vitu vipya havikuwahi kuja vikiwa vimekwisha kunyooka. Mwaka 1893 Rudolf Diesel alipata hataza ya injini yake kule Ujerumani, na Agosti mwaka huohuo alipoijaribu mara ya kwanza kifaa cha kupimia kililipuka karibu naye. Ilifika mwaka 1897 ndipo akawa na injini inayofanya kazi vizuri. Mwaka huohuo 1893 hapa kwetu Dk. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikapandwa Kikogwe, Pangani: kati ya 1,000 iliyosafirishwa ilipona 62. Mkonge uliolisha mkoa huu kwa vizazi ulianzia kwenye ile 62 iliyoangaliwa kwa karibu tangu siku ya kwanza.

Hapa nataka niseme wazi kuhusu ndoa, kwa sababu ndiko ninakoona hasara kubwa. Ninyi mnajua tunavyozifunga. Kamati inakutana kila Jumapili, kadi za michango zinatembea hadi kwa watu tusiosalimiana nao, kuna kitchen party, kuna send-off, kuna sare, kuna mvutano wa ukumbi na mpishi. Maharusi wamepata mafundisho yao kanisani, wamesaini, wamepigwa picha Raskazone na bahari nyuma yao. Halafu inakuja siku ya kuvunja kamati. Mwenyekiti anasoma mapato na matumizi, tunakula pilau, tunapeana mikono, na kuanzia hapo hakuna mtu mwenye jukumu na wale wawili. Wanabaki na nailoni kwenye viti.

Ndani ya mwaka ule wa kwanza ndipo chuma kinasugua kwelikweli. Nani anatuma hela nyumbani kwao na kiasi gani. Mama mkwe anapiga simu saa ngapi. Mmoja amelelewa Usambara kwenye nyumba ya kulala mapema na kusali kabla ya chai, mwingine amekulia Ngamiani ambako saa 4 usiku ndipo baraza linanoga. Hakuna mwenye kosa hapo. Lakini chenga zisipotolewa zinazunguka, na kila zinapopita zinachora. Mimi huwaona tena watu hawa wakija ofisini baada ya miaka, kila mmoja na wazazi wake, injini imenoki, na wanaulizana ilianzia wapi. Ilianzia kwenye mambo madogo ya mwezi wa pili ambayo waliona aibu kuyasema kwa sababu walikuwa maharusi.

Lipo pia kundi la wenye shida tofauti, na nisipowasemea nitakuwa nimewaumiza. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi sana. Unaweza kumwaga leo, ukasafiri hadi Segera na kurudi, ukavuta stiki ukakuta imekwisha kuwa nyeusi, ukadhani umeibiwa. Hukuibiwa. Yale ni masizi ya kuungua kwa dizeli, na oili imewekewa dawa ya kuyashika yasigande kwenye vyuma. Ni nyeusi kwa sababu inafanya kazi yake. Fundi mjuzi hahukumu kwa rangi tu. Anaangalia kilometa na saa, ananusa kama kuna harufu ya dizeli, anaangalia kama kimo kimepanda bila kuongezwa, na akikuta imekuwa na rangi ya chai ya maziwa anajua maji yameingia na hapo hakuna kungoja.

Nina waumini wanaojihukumu kwa rangi. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Bombo, amechoka, amemjibu mwanawe vibaya, anafika kanisani anaamini Roho wa Mungu amemwacha. Mwalimu ambaye baada ya kutwa na watoto 80 darasani hana hamu ya kusali. Hao wanakuja kuungama dhambi ileile iliyokwisha kusamehewa, wanataka kumwaga oili kila jioni. Kwao nasema: hayo ni masizi ya kazi. Nenda ukalale. Luther alipotoa hoja zake mwaka 1517 alianza na hii, kwamba maisha yote ya mwamini ni ya toba, na maisha yote yana mwendo wake. Hofu ya kila saa ni kitu kingine.

Kisha kuna wanaoongezea. Kila dereva anamjua mwenzake wa namna hii: stiki ikionyesha imepungua anamimina lita mbili, wiki ijayo lita moja, na anajisifu kwamba gari lake halijawahi kukosa oili. Ni kweli halijakosa. Lakini ile ya chini hajawahi kuimwaga, na filta ni ileile iliyoziba. Sisi Wakristo wa pwani tumekuwa hodari wa kuongezea. Mkesha Ijumaa, semina Jumamosi, mfungo, kwaya ya pili, kundi la WhatsApp la maombi. Yote ni mazuri. Ila kuna mtu ambaye hatujazungumza naye tangu ugomvi wa kiwanja, na ugomvi huo hauondoki kwa kumiminiwa nyimbo juu yake.

Na neno moja kuhusu mzigo, maana wapo wanaoona njia ya kulinda kipya ni kukifungia. Injini mpya ya dizeli haitakiwi kuachwa ikinguruma bila kazi kutwa nzima, wala kutembezwa mtupu kwa woga. Ringi hukaa vizuri kwa mzigo wa kiasi. Zikikosa mzigo, ukuta wa silinda hung'aa ukawa laini mno, na gari hilo litakula oili siku zote za maisha yake. Kupakia kupita kiasi nako ni kuua. Nawatazama vijana wetu wa kipaimara. Siku ile wamevaa meupe, tumepiga makofi, halafu hatuwapi kazi yoyote hadi wawe na ndevu, nasi tunashangaa wamepotelea wapi. Mpe kijana huyo kusoma somo ibadani, mpe daftari la sadaka ashike na mzee mmoja, mtume kumpelekea mgonjwa sakramenti pamoja na mwinjilisti.

Limebaki suala la oili chafu inapokwenda. Kwenye gereji nyingi humwagwa mchangani nyuma ya banda. Masika yakianza inaingia mtaroni, na mitaro ya mji huu inaishia baharini. Bahari yenyewe ni ile kati ya Pangani na Tanga iliyotangazwa hifadhi mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ameshatoweka duniani tangu zama za kale mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wenye akili huikusanya oili hiyo kwenye pipa, wapo wanaoinunua.

Kitabu cha Walawi kinalijua jambo hili. Moto wa madhabahuni usizimike, kuhani aongeze kuni kila asubuhi. Lakini kabla ya kuni kuna jivu. Kuhani avae vazi lake la kitani, aondoe jivu, aliweke kando ya madhabahu. Kisha, na hapa naomba msome polepole, abadilishe nguo zake na alichukue jivu hilo nje ya kambi hadi mahali safi. Mahali safi, hata kwa jivu. Mabaki ya sadaka ya watu hayakutupwa njiani yakanyagwe.

Nalisema hili kwa sababu tuna tabia mbaya. Mtu akipata ujasiri wa kuleta uchafu wake mbele ya wazee wa kanisa, kabla ya jioni habari iko sokoni Mgandini. Tumemwaga mtaroni. Binti akipata mimba anasomwa kwenye matangazo, wakati mwanamume mwenyewe ameketi kwenye kwaya. Watu wakiona hivyo wanajifunza kutofungua nati kamwe, nao hawana makosa. Anayepokea maungamo ya mwenzake, awe mchungaji, mzee wa kanisa, msimamizi wa ndoa au shoga wa jikoni, amebeba jivu la madhabahu na hana ruhusa ya kulitua popote anapotaka.

Basi nawaomba hivi. Wazee wa kanisa wa kila mtaa, leteni ofisini majina ya wote waliofunga ndoa tangu Pasaka, pamoja na majina ya wasimamizi wao. Wasimamizi, msiende kwao mikono mitupu, wala msiende na mahubiri: nendeni na mkate na maziwa, kaeni, waulizeni kila mmoja peke yake anaendeleaje, na mtakayoyasikia yaishie kwenu. Wale wa mwezi wa pili na wa tatu watangulie. Na wewe uliyeniita nibariki lori lako juzi, kitabu kiko kwenye droo ya mbele upande wa utingo. Fungua jedwali la pili.